Chokoleti Yenye Macho

Wabelgiji hawana hata mti mmoja wa kakao, lakini wanatamba duniani kwa chokoleti. Nami nikaiga: bila cheo chochote, nikawatambia wakwe zangu wa Bukavu kwamba mimi ndiye mkubwa wa kiwanda cha chokoleti Brussels. Kumbe kazi yangu ni kuvaa vazi la chokoleti yenye macho na kucheza mlangoni pa duka la kiwanda hicho.

Jumamosi wakwe, waliokuja kututembelea, wakatokea pale kutafuta zawadi. Nikacheza, ningefanyaje? Baba mkwe akapiga picha nami, kisha akamwambia mkewe: “Bon, maman, ngoja niite mukwe wetu. Njo yeye chef, mukubwa wa hii yote, atatupunguzia bei.”

Akabonyeza simu. Ndani ya tumbo la chokoleti, simu yangu ikaanza kuimba haleluya.