Fundi wa Kuzuia Kelele

Fundi aliajiriwa kuziba sauti katika kuta za ndani za nyumba mpya ya Kendi, huko ughaibuni, mtaa wa Quakers Hill, na yeye mwenyewe alikuwa kelele tupu. Kila asubuhi alianza kwa sala ndefu kuliko kazi yenyewe. Kendi, muuguzi wa zamu ya usiku anayelala mchana, alimtazama akishindilia pamba ya kuzuia sauti ukutani kwa ngumi, kama mtu anayejaza sanduku la kwenda Meru, na penye mabomba akipaacha wazi tu. Akiulizwa, aligonga ubao wa jipsam kwa kidole chenye pete. "Sista, hapa hata parapanda ikilia, wewe utalala tu. Hiyo niachie mimi."

Alipopigilia ubao wa mwisho, Kendi aliingia chumbani, akafunga mlango na kujilaza sakafuni, aonje huo usingizi. Upande wa pili fundi alikuwa kwenye simu, akinong'ona: "Nusu ya pamba iko kwa gari yangu. Huyu atajuaje, na ukuta ushafungwa?"

Kendi hakuinuka, wala hakupaza sauti. "Irudishe, fundi."

Ng'ambo ya ukuta kukawa kimya, kimya cha kwanza alichowahi kumtengenezea.