Klarineti Kati ya Tarumbeta

Kila Pasaka, kabla jua halijatoka, kanisa letu la Ihanda huenda makaburini na tarumbeta. Baba na mama wamelala pale, na nilitaka siku moja niwapigie, si kuimba tu. Basi wageni walipoleta klarineti, chombo cha kupuliza ambacho hakuna mtu katika bendi ya kanisa aliyekijua, nilikiomba mimi.

Sauti ilitoka mapema. Kilichonishinda ni ulimi. Noti za haraka zilishikana kama ugali mbichi. Mwalimu wa bendi, mpiga tarumbeta wa miaka mingi, alinielekeza kama anavyowaelekeza wote: "Tema. Kama unatema ganda la alizeti."

Nikatema. Msimu mzima wa palizi, vyombo vikishaoshwa, nilikaa nyuma ya jiko nikitema mpaka mate yakachuruzika vidoleni, na klarineti ikapiga ukelele.

"Dada, bata wako kakanyagwa tena," mdogo wangu wa mwisho alisema kutoka ndani.

"Mwache," akajibu anayenifuata kuzaliwa. "Labda leo atataga."

Sikucheka. Niliacha shule baba alipomfuata mama kaburini, ili hao wawili wasome. Nilijifunza kulima, kuuza, kushona. Hakuna kazi iliyowahi kunigomea hivi.

Wiki ya Pasaka mwalimu aliniambia kwa upole, na upole huo uliniuma zaidi: "Dada, mwaka huu ushike tu chombo, usipige."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikaitoa ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotoa sauti, nikaitazama. Tarumbeta haina kitu hiki. Mwalimu akitema, ulimi wake unagonga nyuma ya meno. Wangu ulikuwa unaipiga ridi teke. Nikairudisha, nikapuliza bila kukata pumzi, nikaigusa ncha yake kwa ulimi, kidogo tu. Noti zikaachana. Nilipoongeza mwendo, ulimi ukarudia kutema.

Makaburini, wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole. Nikapiga. Mwalimu aligeuka, akanitazama, hakunikataza. Wimbo wa pili ulikwenda mbio. Nilifika ubeti wa pili, bata akalia mbele ya baba na mama. Watoto wakacheka. Nikateremsha klarineti, nikaimba kama miaka yote.

Nyumbani, kabla sijamchinja kuku wa sikukuu, nilikwenda nyuma ya jiko na klarineti.

"Hata leo?" mdogo wangu wa mwisho akauliza.

"Hata leo. Chemsha maji."