Matundu Matatu ya Boatemaa

Boatemaa aliuza viazi vikuu katika soko la Techiman, nchini Ghana, tangu hajaolewa, na tangu aolewe alimlisha Amoako, mwanamume ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa barazani na kuuliza chakula kitaiva lini. Watu wa aina hiyo hawana hata haya.

Kwa miaka mingi alivuja damu kila mwezi mpaka midomo ikapauka. Daktari alikuta uvimbe kwenye kizazi, si saratani, ila mwingi. Watoto alikuwa nao tayari, akasema kitolewe. Hawakumpasua tumbo. Walimtoboa matundu matatu madogo, wakaingiza kamera na vyombo vyembamba, wakakata huko ndani na kukitoa kizazi kwa njia ya chini. Kesho yake akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo alipokosea, maana angeletwa kwa machela angeheshimiwa.

"Jeraha la ndani ni kubwa kuliko hayo matundu," daktari alimwonya. "Usinyanyue kitu kizito, wala usitwange, mpaka nikuone tena. Mishono ikiachia utarudi hapa unavuja damu."

Jumapili iliyofuata alivaa nguo nyeupe, akajipaka poda nyeupe shingoni, akaenda kanisani kushukuru kama afanyavyo kila aliyevuka salama. Ndugu wa mume wakaja nyumbani kula. Wifi yake, Akyaa, mwenye mdomo usiojua likizo, alimfuata chumbani akamfunua nguo bila hata kuomba.

"Hii ndiyo operesheni? Wifi, mbu wa kwangu wanauma kuliko hivi! Mie nilipasuliwa huku mpaka huku, mwezi mzima nageuzwa kama mkeka. Wewe unadeka tu."

Akatoka kuwatangazia wageni. Amoako, badala ya kumnyamazisha dada yake, alicheka. Kisha akamwita Boatemaa uani, akauegemeza mchi kwenye kinu.

"Mama watoto, kaka zangu hawakuja kula wali. Twanga viazi vikuu tupate fufu. Huna hata kovu, ugonjwa gani huo?"

Boatemaa aliutazama ule mchi. Alijua uzito wake, na alijua kwamba akiunyanyua leo, kesho atatakiwa aunyanyue tena. Akawatazama wanaume watano wenye mikono mizima, wameketi wakisubiri mwanamke aliyeshonwa juzi awatwangie. Aliwadharau mpaka akaona raha.

"Twanga wewe," akamwambia mumewe.

"Mimi? Mbele ya watu?"

"Kwani watu hawa hawajui kwamba una mikono?"

Akyaa akadakia, "Kizazi huna tena, wifi, punguza maringo. Kaka yangu akileta mke mwingine utasema nini?"

"Nitasema amlete upesi, maana mna njaa. Mimi naenda kwa mama, na watoto nakwenda nao. Au umesahau kwamba hapa mtoto ni wa ukoo wa mama yake? Hata wa kwako, Akyaa, si wa ukoo wa mumeo."

 Boatemaa akawaita binti zake wambebee mzigo, akatoka taratibu, mkono tumboni. Nyuma yake wanaume watano walibaki wakiutazama mchi, na hata mmoja hakuinuka kuushika.