Puto Linalobisha Hodi

Jua linachungulia upande wa Magu, na Gladness Masele ameshaegemea ukingo wa kikapu, kamera shingoni, akiangalia ardhi ikishuka taratibu. Juu ya kichwa chake jiko la gesi linanguruma na puto linazidi kupanda. Watalii wanne wenye kofia za porini wameshikana mikono kama maharusi.

Gladness anawaomba watabasamu. Wawili wamefumba macho. Anawapiga picha hivyo hivyo. Wakishafika chini watasema walikuwa wanasali.

Kushoto kuna ziwa na mitumbwi inayorudi kutoka kuvua. Mbele zinaanza kuonekana kaya, kila moja na uzio wake wa minyaa, ng'ombe wangali zizini. Ni pazuri kuliko kote walikopita. Hapo ndipo rubani, Revocatus, anapofungulia jiko mara mbili kwa nguvu, na Gladness anaifunika kamera yake.

Mtalii mmoja anamuuliza kama kamera imeharibika.

"Nzima," anamjibu. "Tunabisha hodi."

Hakuanza kazi hii akiwa na adabu hiyo. Gladness, mkazi wa Buswelu, ana studio ndogo Kirumba, karibu na uwanja wa mpira, ambako kwa miaka mingi amepiga picha za pasipoti, za kipaimara, na za wachumba ambao baadaye hurudi kuuliza kama zinaweza kukatwa katikati. Kampuni moja ya puto ilipomwita aje kupiga picha za wageni wake, alikubali kabla hajaambiwa ni juu kiasi gani. Asubuhi moja ya puto humlipa kuliko wiki nzima ya pasipoti, na ada za shule za wanawe zinatoka humo humo.

Msimu wa kwanza alipiga picha moja ambayo kila mtu aliisifu: kijiji cha Nyamisalu alfajiri, moshi wa majiko, minyaa, ziwa kwa mbali. Kampuni ikaiweka kwenye kalenda, na kwa moyo mweupe ikapeleka nakala ofisi ya kijiji iwe zawadi.

Kalenda ilitundikwa ukutani. Watu waliisifu mpaka Selina, mama mwenye macho makali, alipoweka kidole kwenye kona moja na kuuliza kama ile ndoo ya bluu yenye mpini wa kamba si ya jirani yake. Ilikuwa ya jirani yake. Na jirani mwenyewe alikuwa pembeni ya ndoo, anaoga.

Mabafu ya Nyamisalu ni uzio wa mabua ya mtama na jiwe bapa la kusugulia miguu. Hayana paa. Hayakuwahi kulihitaji, kwa sababu tangu zamani aliyekuwa juu ni Mungu, naye ameshaona kila kitu.

Bibi Odeta Luhaga aliitwa. Aliitazama ile picha kwa muda.

"Ni mgongo wangu," alisema. "Nimeubeba maisha yote, leo ndiyo nauona."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka, na mwenyekiti wa kijiji, mzee Ngosha, aliitisha mkutano. Iliamuliwa kwamba puto halitatua tena kwenye mashamba ya Nyamisalu. Puto lisilo na mahali pa kutua haliruki. Kampuni ikamwambia Gladness akayamalize mwenyewe, la sivyo atatafutwa mpiga picha mwingine.

Alikwenda na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo umekuja kwa miguu?"

Gladness alieleza kwamba kutoka kule juu mtu huonekana mdogo kama punje, na kwamba hakukusudia. Bibi Odeta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba pale kijijini hata mwizi wa kuku akipita karibu na bafu hukohoa. "Wewe hukukohoa."

Sukari aliipokea. Msamaha aliuwekea sharti: Gladness alale hapo, na asubuhi aoge kwenye bafu lile lile.

Kulipopambazuka alikuwa amesimama juu ya jiwe, povu kichwani. Hakusikia kitu, puto halina mlio mpaka jiko liwashwe. Aliona tu kivuli kikipita juu ya mabua, akainua uso, na hapo juu, kwenye puto la kampuni nyingine linalotua kwingine, watu waliovaa makoti mazuri walikuwa wakimtazama. Mmoja alimpungia mkono. Gladness alichuchumaa na kujifunika beseni.

"Sikuwa punje," anasema leo. "Nilikuwa Gladness mzima, na sabuni machoni."

Nje ya uzio, Bibi Odeta akakohoa.

"Wamekuona?"

"Wameniona, bibi."

"Basi tumelingana. Maliza kuoga, chai inapoa."

Siku hiyo hiyo walikwenda pamoja kwa mzee Ngosha. Walikubaliana kwamba puto lingurume mara mbili likiwa bado mbali, walio bafuni wapate kujitanda, na kamera ibaki imefunikwa mpaka kaya ya mwisho ipitwe. Mashamba yakafunguliwa. Kalenda ikashushwa ukutani.

Sasa Gladness ana mpango ambao hakuna kampuni iliyomtuma. Kabla ya mvua, siku ambayo puto litakuwa na nafasi, anataka kuipiga picha kila kaya ya Nyamisalu kutoka juu, wenyewe wakiwa wamejulishwa, wamevaa na kusimama uani, kisha awapelekee nakala mlangoni. Mzee Ngosha anauliza kama ng'ombe nao watatokea.

Bibi Odeta amedai kuwa wa kwanza. Ameshachagua kitenge na mahali pa kusimama, mbali na ndoo. Ile picha ya kalenda anayo yeye, ameikunja chini ya godoro, na hataki kusikia habari ya kuichoma.

"Kumbe ulikuwa mgongo mzuri," anasema. "Sasa wauone na uso."