Minani Babili kwa Fishi Moja

Siku ya kwanza kazini balinipa wembe, sahani ya gundi na marundo mawili ya makaratasi magumu, na hakuna aliyeniuliza diplome. Ingekuwa aibu. Nilisoma miaka tano tu kule Bukavu. Mama yangu alikuwa Mushi, kabila la kule, baba Munyarwanda aliyekimbilia kule zamani, na kazi niliyoijua ilikuwa kuandika majina ya benye mali juu ya magunia ya maharagi. Lakini mwandiko wangu ulikuwa muzuri. Baada ya mauaji ya 1994, sisi batoto ba bakimbizi tulivuka daraja la Rusizi ya Kwanza kurudi kwa inchi ya baba zetu. Hapa Cyangugu batu ba kuandika balikuwa bamekwisha, bengine bameuawa, bengine bamekimbia na damu mikononi. Njo maana nilipata kazi. Nasema wazi, nilikalia kiti ya muntu aliyeuawa. Kitambaa chake cha kupangusia kalamu kilikuwa kingali ndani ya droo.

Gundi yenyewe tulipika kwa unga wa muhogo, na panya balipenda sana gundi hiyo. Nitarudia hayo ya panya, nikikumbuka.

Mkubwa wangu alikuwa Shefu wa Biro ya Kazi, mwalimu wa zamani, muntu mrefu wa sauti ndogo. Alinieleza kazi akiwa amesimama. Upande huu wa ukuta, alisema, kuna biro yetu, inaandika kila muntu aliye na kazi na kila anayeitafuta. Upande ule kuna Inspekta wa Shule, naye anaandika banafunzi na bale banaojifunza useremala na ushonaji. Kila biro na fishi zake, yaani karatasi ngumu ukubwa wa kiganja, jina moja kwa kila fishi. Basi muntu moja anaweza kuwa mwanafunzi upande ule, na huku kwetu anatafuta kazi, na serikali inamuhesabu mara mbili. Balitaka listi moja. Nyinyi ba siku hizi, benye ordinateri, hizo kompyuta, munaita hiyo kuunganisha data. Sisi tulisema kuozesha fishi.

Kila asubuhi Shefu alipita, akiniita Papa kama bote.

"Papa, leo unaozesha ngapi?"

"Kumi na mbili, Shefu."

"Na talaka?"

"Huku hakuna talaka."

Alicheka kwa pua. Ni kweli, fishi ikishabandikwa juu ya nyingine na kupigwa tampo ya serikali, kuiachanisha ilitaka sinye, yaani sahihi, yake yeye peke yake.

Kanuni ilikuwa alama ine: jina, mwaka wa kuzaliwa, komini anakotoka, na jina la baba. Zikifanana zote, unaozesha. Lakini ile ya baba ilitushinda. Nilikuwa kwa dirisha, foleni imefika barabarani, nauliza, "Baba ni nani? Ako hai?" Kijana moja alisikia swali, akatoka, kofia yake ikabaki mbele yangu. Mama moja alianza kutaja jina, akataja na mengine, ya batoto, ya bandugu, na foleni nzima ikalia pamoja naye. Siku ile hatukuandika muntu tena.

Nilienda kwa Shefu. Nilimwambia tuondoe mstari wa baba, tunabaumiza batu bure. Alinitazama sana, kisha akaenda kuongea na Inspekta, na juma lililofuata fishi mpya zilikuja bila mstari ule. Batu balinishukuru. Ilikuwa huruma. Na acha niseme yote: mstari ule ulikuwa unachelewesha kazi, na mi nilipenda kufika nyumbani mapema.

Sasa sikilizeni. Kwa Banyarwanda, bandugu habagawani jina kama kwa Bazungu, kila mtoto anapewa lake. Mtoto wa nane mara nyingi anaitwa Minani. Hesabu mwenyewe, kwa milima ya Nyakarenzo tu, kuna nyumba ngapi zilizofikisha batoto nane. Na Mariya ni nusu ya kanisa. Hayo yote niliyajua. Sikuyafikiri.

Upande wetu nilikuta Minani Mariya wa Nyakarenzo, anafanya kazi kwa mashamba ya mpunga Bugarama. Upande wa shule, Minani Mariya wa Nyakarenzo, mwanafunzi wa uuguzi, yatima, analipiwa masomo na serikali. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa moja, na miaka ile tulikuwa tunaikadiria kwa macho. Kanuni ilisema aliye na kazi halipiwi masomo. Nikawaza, huyu anakula kwa sahani mbili. Nikapaka gundi. Shefu aliisifu kazi yangu.

Siku ya kufungua shule, msichana alisimama kwa dirisha na godoro kichwani. Bamemurudisha kwa mlango wa shule.

"Papa, banasema mi niko nalima mpunga Bugarama."

"Si weye?"

"Bugarama sijafika hata kwa ndoto. Niko mwaka wa mwisho, Papa. Bagonjwa bananingoja."

Alijaribu kucheka. Nilitoa fishi, nikaona mwandiko wangu mwenyewe, na nikajua papo hapo. Nikamuuliza baba yake alikuwa nani. Alitaja jina lote, polepole, bila kulia.

Kisha akasema, "Sasa njo unaniuliza?"

Shefu alikuwa Kigali na tampo alikuwa nayo. Nilimwambia msichana arudi juma lijalo. Ningeweza kuandika barua kwa mkono wangu, kupanda na yeye mpaka shuleni, kusema kosa ni langu. Niliogopa. Kontra yangu ya kazi ilikuwa bado haijatiwa sinye. Yeye alisema kwa mlima hana tena nyumba ya kulala, basi atangoja kwa shangazi yake Bukavu, abebe mizigo ya batu kidogo apate chakula. Aliniomba nimuwekee godoro. Nililiweka nyuma ya kabati.

Siku ya ine tulisikia bunduki ng'ambo. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeanza, na mpaka ukafungwa.

Shefu aliporudi nilimweleza. Hakupandisha sauti.

"Papa, siku ile ya mstari wa baba, nilipaswa kukataa," alisema. "Nilikubali sababu na mi nilikuwa siwezi tena kusikia."

Alichana fishi kwa wembe, polepole sana, akaandika mpya, akatia sinye. Shule ilikubali kumungojea. Baada ya mpaka kufunguliwa, kila mchana, saa ya kupumzika, nilikuwa kwa daraja la Rusizi ya Kwanza kuuliza batu ba kubeba mizigo na bamama ba biashara. Maman moja wa Bukavu, muuza nyanya, alijua nyumba ya shangazi. Alisema iko wazi, hata milango bameibeba, batu balikimbilia ndani ya msitu.

Nilirudi kumuuliza tena, na tena.

"Papa," alisema, "uliza Mungu. Sisi tulishaacha kuuliza."

Kisha balinipeleka Nyakabuye, na huko njo panya balikula fishi za sekta nzima, tukaanza upya. Godoro nilimwachia Inspekta, kwa mwanafunzi atakayekuja mikono mitupu. Nilitumikia bakubwa batano baada ya Shefu. Nilibaomba moja moja mstari wa baba urudi. Wa tatu alikubali. Foleni ikalia, na mi nilingoja banyamaze, nikaandika.

Juma langu la mwisho, kwa Distrikti, binti moja alikuwa anaingiza fishi zote ndani ya ordinateri. Alifika kwa ile ya Minani.

"Mzee, huyu ako kazini, ako masomoni, ao amekufa? Mashine inakataa kuacha wazi."

Nilimwambia aandike masomoni. Aliniangalia, akaandika. Ni uongo ndani ya listi ya serikali, na ni mi niliuweka.

Sasa niko nyumbani, sina mkubwa. Juzi nilipanda mlima mpaka santre ya afya kupimwa presha. Muuguzi alikuwa mama wa umri ambao msichana yule angefikisha sasa. Kabla ya kumpa mkono nilisoma baji kwa kifua chake, kama ninavyobasoma bauguzi bote. Lilikuwa jina lingine.

Alifunga kitambaa kwa mkono wangu, akapima, akapima tena, akauliza kwa nini presha imepanda hivi.

Nilimwambia ni mlima.