Jembe Lililorudishwa

Baba alikuwa katekista hapa Gisenyi, na wanafunzi wake walisoma miaka mingi kabla ya kubatizwa. Mjomba wangu mvuvi aliokoka ndani ya siku moja tu, akaanza kutangaza dhambi zake sokoni. Baba alichukia sana.

"Shemeji, wokovu unafundishwa. Haupigiwi kelele."

Mjomba hakubishana. Kesho yake alikuja na jembe. "Ile jembe yenu, ni mi niliiba."

Baba alilipokea. Kwa ajili ya jembe hilo alikuwa amemwita jirani yetu mwizi mbele ya watu, na hawakusalimiana tena. Akalibeba mpaka kwa yule jirani, nami nikamfuata. Pale uani, baba yangu alipiga magoti. Sikuwahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa.