Minza na lori lake la pamba

Jamani, hata status nimeshindwa kubadilisha. Jana tumemzika Minza kwao Lalago, na mimi bado nasubiri anipigie aniulize nimenuna nini.

Homa ya siku chache tu. Akapelekwa hospitali, asubuhi tukaambiwa basi. Roho inaniuma, sifichi. Ila huyu mtu alikuwa mcheshi kupita kiasi, nikiandika kwa kulialia atanishangaa. Acha nicheke naye.

Kwa msiomjua, Minza alikuja kufagia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, mimi nikiwa karani wa mizani. Wiki yake ya kwanza, tunakula mchana, akanionyesha malori yaliyopanga foleni getini. "Shoga, lile nitaliendesha mimi." Nikamwambia fagia kwanza.

"Nafagia huku naliangalia," akasema. Na kweli, alikuwa anafagia huku analiangalia. Kuna pembe za ule uwanja hazikuwahi kufagiliwa vizuri.

Baba Jeni, dereva wetu mkongwe, akakubali kumfundisha kwa pikapu ya kiwanda wakati wa chakula. Sasa mjue Minza amekulia nyuma ya plau. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa analima na ng'ombe, na ng'ombe wake wa mbele aliitwa Sukari.

Siku ya kwanza pikapu ikaelekea kwenye lundo la mbegu za pamba. Baba Jeni anapiga kelele, "Breki! Breki!" Minza miguu kaikunja, usukani kauvuta kifuani kwa mikono miwili, anapiga mluzi na kufoka, "Sukari, simama! Nimesema simama!"

Sukari hakusimama. Waliingia kwenye mbegu mpaka usawa wa kioo.

Tulicheka kiwanda kizima, wengine tulikaa chini kabisa. Mtu mwingine angeacha kazi kwa aibu. Yeye akashuka, kichwa chote pamba, akamuuliza Baba Jeni, "Kesho tunaanza saa ngapi?"

Mtihani wa leseni alifeli mara ya kwanza. Alirudi amebeba soda, tukajua kafaulu. "Nimefeli kurudi nyuma tu," anasema. "Kwenda mbele nimepita!" Tukanywa hizo soda kama za harusi.

Mara ya pili akapita, na alivyoitwa interview ya udereva, yule wa HR akamuuliza, "Unajiona wapi baadaye?" Minza hakufikiri hata kidogo. "Dar, nimeshusha marobota ya pamba, natafuta pa kula." Wakacheka, wakampa lori kwa majaribio. Msimu ulipoisha hakuna aliyekumbuka habari za majaribio.

Vijana wa kupakia walimsumbua sana mwanzoni. "Ukipata pancha utampigia nani simu, mayu?" Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Siku moja tairi likapasuka kwenye tope huko Shishiyu. Akajifunga kanga, akatoa jeki, akabadilisha mwenyewe, halafu ndiyo akawapigia. "Ni mimi. Nimeshamaliza, nimewapigia kuwasalimia tu."

Na mimi msinione hivi. Biashara yangu ya keki nilishataka kuiacha, oveni imeungua, wateja wamenikimbia, nalia stoo. Minza akaniuliza, "Umechoka au umeacha? Kama umechoka, nenda kalale. Kama umeacha, njoo tule kwanza, tutaongea umeshiba." Nikala, nikalala, nikarudi kuoka. Mnaokula keki zangu, mshukuruni huyo.

Kitu kimoja tu kilimuuma, na hakukisema hovyo. Mama yake.

Kwa mama yake, mwanamke kuendesha lori ulikuwa uhuni. Majirani na watu wa kanisani aliwaambia, "Minza yuko ofisini Bariadi." Neno dereva halikumtoka mdomoni.

Minza akienda kubeba pamba upande wa Lalago, lazima asimamishe lori barabarani mbele ya kwao apige honi. Niliwahi kuwa naye. "Mwangaluka, mayu!" anapaza sauti, anamwamkia mama yake. Mama akatoka na bakuli la matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, akaliweka kwenye ua wa minyaa, akageuka akarudi ndani. Lori hakulitazama.

Machozi yalinilenga. Minza anatafuna, anacheka. "Umeona? Msimu uliopita alikuwa anaishia mlangoni. Leo kafika kwenye minyaa. Anakuja huyu, taratibu."

Leseni alikuwa nayo. Lori alikuwa nalo. Alichobakiza kutafuta ni mama yake aseme kwa mdomo wake kwamba mwanangu ni dereva. Hakununa, hakugombana. Alipiga honi, akasalimia, akala viazi, akaenda kazini.

Jana malori yalipaki kandokando ya barabara mpaka mbali. Fundi alikuwa anaandika kwenye msalaba wa kaburi. Akamaliza jina, akauliza kama kuna la kuongeza. Baba mdogo wa Minza akasema hapana, inatosha.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akainuka.

"Andika Dereva."

Baba mdogo akaanza, "Shemeji, si lazima..."

"Si ndiyo kazi ya mwanangu? Andika. Na uandike kubwa, wanaopita barabarani wasome."

Nililia mpaka nikashikiliwa, na katikati ya kilio nikajikuta nacheka. Baba Jeni naye alikuwa analia, mtu mzima yule.

Minza, shoga yangu, imeandikwa. Rangi nyeusi, herufi kubwa, nimeisoma kutoka barabarani. Kaisema mama yako, mbele ya watu wote. Lala unono, dereva.